Ua la Kunusa

Siku Mama Ua alipofungiwa ukurasa wake kwa kosa la kuchochea mauaji, alikuwa amechuchumaa anajaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vyeusi vya kuoteshea miche, na samadi imempanda hadi viwikoni. Simu ikalia. Hakuishika. Mwenye samadi mikononi hashiki simu, labda awe ameichoka. Alimaliza kiriba alichokuwa nacho, akanawa, akavaa miwani, akasoma. Akavua miwani, akaipangusa kwa upindo wa gauni, akasoma tena.

"Kinyozi," akamwita jirani yake wa kibanda cha pili, "hebu njoo unisomee hapa. Leo macho yananichezea."

Kinyozi alikuwa na mteja kitini, kichwa kimeshanyolewa upande mmoja. Akamwacha vivyo hivyo, akaja na mashine yake mkononi. Akasoma kwa sauti, maana yeye hata risiti hasomi kimya: ukurasa umefungwa kwa sababu maandishi yake yanahimiza watu kuua wapenzi wao. Akampima Mama Ua kwa macho, kuanzia kilemba hadi ndala.

"Na mimi siku zote hizi nasinzia mchana hapa karibu nawe," akasema.

Mteja aliyenyolewa nusu alicheka mpaka akajishika mbavu. Mama Ua hakucheka. Ukurasa ule kwenye mtandao wa ng'ambo ndio uliokuwa duka lake. Kitalu chenyewe kiko nyuma ya maghala, mahali ambapo mpita njia hapiti ila amepotea. Wateja wote walikuwa wanaanzia kwenye simu: wanaona picha, wanachagua, wanabembeleza bei, halafu ndipo wanakuja kuchukua mche wao na kubembeleza bei upya. Bila ukurasa, maua yangechanua na kunyauka pale pale akiyatazama.

Sasa tuje kwenye kosa lenyewe. Asubuhi hiyo alikuwa ameweka picha ya waridi, na chini yake maneno haya: "Ua mpenzi wako atalipenda." Basi, hayo tu. Mtoto wa chekechea akisikia hilo "atalipenda" anajua kinachopendwa ni ua, kwa sababu ya hiyo "li" iliyokaa katikati, imelishika ua mkono kama mama anayevuka barabara na mwanawe. Lakini mashine ya ng'ambo inayokagua maneno ya walimwengu haina habari na "li". Imefundishwa kwamba "ua" ni kutoa roho, ikashikilia hapo hapo. Iliona "Ua mpenzi wako," ikapiga yowe.

Na ilipoamka, iliamka kweli. Ilirudi nyuma ikapekua ukurasa mzima, ikakuta "ua jekundu limefika," ikakuta "chukua ua moja, la pili bure." Ukiyasoma hayo kwa akili ya mashine, nywele zinakusimama. Halafu juu kabisa, kwa herufi kubwa, jina la mwenye ukurasa: Mama Ua. Ingekuwa wewe ni bawabu na hujui lugha, ungefungua mlango?

Jina hilo asili yake ni marehemu mumewe, aliyekuwa seremala, mtu mwenye mkono mzito kwenye randa na mwepesi kwenye maneno. Alianza kumwita "Ua langu" tangu siku za uchumba, wakati hana kitu kingine cha kumpa. Binti yao alipozaliwa, watu wakaliunga likawa Mama Ua. Ukurasa pia ulikuwa kazi yake. Mke anaotesha, mume anapiga picha na kuandika. Hilo la mpenzi kulipenda ua ni lake. Mkewe alikuwa akilirudia tu kila msimu. Alipofariki, nguo zake ziligawiwa, randa na misumeno ikaenda kwa waliojifunza kazi kwake, lakini maneno yake yalibaki kule, chini ya picha za maua yaliyokwisha kunyauka. Siku ambazo kitalu hakina mteja, Mama Ua alikuwa na tabia ya kuteremka na kidole kwenye ukurasa, chini, chini zaidi, mpaka amfikie. Hakumwambia mtu. Mjane ana mambo yake.

Alikata rufaa. Mashine ilimjibu yenyewe, haraka kuliko mtu anavyoweza kupiga chafya. Abadilishe jina, afute maandishi yote yaliyowekewa alama, naye atarudishiwa ukurasa. Mwezi ukiisha hajafanya hivyo, kila kitu kitafutwa moja kwa moja.

Binti yake, anayefanya kazi mapokezi hospitalini, alikuja na sare yake kabla hata hajafika kwake kubadilisha.

"Mama, si ufute tu? Andika jina lingine. Bustani Nzuri. Nani atakuzuia?"

"Bustani Nzuri ni nani? Mimi namjua?"

"Wateja watazoea."

"Na maneno ya baba yako?"

Binti akavuta kigoda akakaa karibu na mama yake. "Mama, baba hayumo kwenye simu," akasema taratibu. "Na sisi tunakula."

Alikuwa na haki, mtoto yule, na mama yake alijua ana haki, ndiyo maana alikasirika. Alichukua simu akaanza kufuta. Kila andishi lilikuwa limefunikwa kipande cheusi kilichoandikwa kwamba maudhui yamefichwa kwa usalama wake. Kilichoonekana ni tarehe tu na kitufe. Alibonyeza. Simu ikamuuliza, kwa Kiswahili cha kuokoteza, "Je, wewe ni uhakika?" Mama Ua akabonyeza ndiyo. Tarehe ikatoweka.

"Nimefuta nini?" akauliza.

Binti akaangalia. "Haioneshi."

"Kwa hiyo linaweza kuwa tangazo la mbolea, linaweza kuwa la baba yako."

"Ndiyo."

"Nimzike mtu bila kumfunua uso nijue ni nani?" Akaiweka simu kifudifudi juu ya gunia la mchanga. "Sifuti tena."

Jumapili alikuja Shemeji Waya. Huyu ni mdogo wa marehemu. Walimwita Waya kwa wembamba, kabla hata hajaajiriwa kwenye nyaya za simu za serikali, na siku hizi yuko kwenye kikosi kinachojenga mtandao wa nchi wenyewe, ambao wameuita Jirani. Alipopewa habari alicheka kwanza, kwa kuwa shemeji asipokucheka na yeye si shemeji.

"Kumbe kaka yangu alioa jambazi."

"Alioa, na mdogo wake anakula kwa jambazi kila Jumapili. Kaa."

Alipokwisha kula akasema kilichokuwa moyoni. Alisema mambo ya shemejiye si ya shemejiye peke yake. Akamkumbusha siku ile mtandao wa ng'ambo ulipozima kutwa nzima. Hospitali ilishindwa kuwaambia akina mama kwamba chanjo imefika. Shule zilishindwa kutangaza matokeo. Wizara yenyewe, iliyotaka kuwatuliza wananchi kwamba mtandao umezima, ilikosa pa kutangazia, kwa kuwa matangazo yake yote ilikuwa inayaweka kwenye mtandao huo huo. Nchi nzima, na bendera yake na wimbo wake, ilikaa bubu mpaka mtu asiyejulikana, katika mji usiojulikana, alipoamka akarekebisha swichi.

"Tumepanga chumba kwenye nyumba ya watu," Shemeji Waya akasema, "halafu tumehamishia humo hata jiko. Sasa mwenye nyumba akikohoa, tunalala njaa. Hamia Jirani, shemeji. Huko ni kwetu."

Kinyozi, ambaye hakualikwa ila masikio yake yalialikwa, aliingilia kutoka kibandani. "Na huko kwetu nani anashika ufunguo? Si serikali? Leo watanifungia kwa neno ua, kesho kwa neno kodi."

"Hilo ni swali zuri," Shemeji Waya akasema.

"Sikuuliza ili nisifiwe."

"Najua. Sina jibu la kukutosha. Mwenye nyumba wa ng'ambo akikuonea huna pa kumfuata. Sisi tukikuonea, ofisi yetu unaijua, utakuja ugonge meza."

"Nitakuja," Kinyozi akasema, na kwa sauti aliyoisema hakuna aliyedhani anatania.

Mama Ua akasema haya, tuhamie. Alichoka kubishana na mashine. Shemeji Waya akachukua simu yake, akafungua Jirani, akaandika namba, akaandika mtaa, akafika kwenye jina. Akaandika Mama Ua. Akabonyeza. Akabaki ameikodolea simu macho, kisha akafuta jasho lisilokuwepo na kubonyeza tena.

"Vipi?" Mama Ua akauliza.

Ilibidi Kinyozi aje achungulie begani, akasoma kwa sauti kama kawaida yake: "Jina hili haliruhusiwi. Linahamasisha vurugu."

Hapo Mama Ua alicheka. Alicheka tangu pale alipokuwa amekaa mpaka akaegemea ukuta wa viriba, machozi yakamtoka, na katikati ya kicheko machozi yakabadilika yakawa ya kweli, akajifunika uso kwa upindo wa gauni. Kinyozi akarudi kibandani kwake bila neno. Ana mdomo yule bwana, lakini ana adabu.

Shemeji Waya aliinamisha shingo. Baadaye ndipo akaeleza. Mtandao walijenga wenyewe, mitambo ni yao, vijana ni wao. Lakini chujio la maneno, ile mashine inayosimama mlangoni na kuamua nani apite, ni kazi ya miaka, na wakubwa walitaka Jirani izinduliwe upesi. Wakakodi la ng'ambo. Alikuwa amesema kwenye kikao kwamba si sawa. Alisema mara moja, akaambiwa asiwacheleweshe, akanyamaza.

"Nyumba ni yetu, bawabu wa kukodi," akasema. "Na ni yule yule."

Wahenga walikwisha sema nguo ya kuazima haisitiri nini, malizieni wenyewe, hapa kuna shemeji. Ila aibu ya yule bwana siku ile haikuwa ya kutania. Hakumaliza hata chai. Alipokuwa anafunga viatu, Mama Ua akamwambia, bila ukali, "Safari hii usiseme mara moja."

Siku zikaenda. Mama Ua aliandika ubao kwa rangi nyekundu akaupigilia kwenye nguzo ya barabara kuu, na binti yake akawapigia wateja wa zamani mmoja mmoja akipata nafasi kazini. Wengine walikuja. Wengi hawakuja, kwa sababu mtu aliyezoea kuona ua kwenye simu haoni sababu ya kulifuata nyuma ya maghala. Mawaridi mengine yalipukutika kabla hayajapata mwenyewe, naye akawa anafagia majani yake kila asubuhi na moyo unamuuma, wala asikudanganye mtu kwamba mfanyabiashara huzoea.

Siku ya mwisho wa mwezi ilipofika alijua ndiyo siku yenyewe. Simu ilikuwa mfukoni. Kufuta kulikuwa bado kunawezekana: tarehe moja baada ya nyingine, uhakika, uhakika, uhakika, na jioni angekuwa Bustani Nzuri mwenye wateja wake wote. Alihamisha miche ya yasmini kutoka kwenye viriba vidogo kwenda vikubwa. Alimaliza yasmini akaanza miche isiyotakiwa kuhamishwa. Jua lilipozama alitoa simu akatazama, na ukurasa haukuwepo. Hata kipande cheusi hakikuwepo. Akaketi kwenye kigoda akalia peke yake, akimlaani mumewe kwa nini aliandika maneno mengi hivyo, na akijilaani yeye kwa nini hakuyashika yote kichwani. Aliyakumbuka machache tu. Aliandika mengi sana yule mtu.

Shemeji Waya hakuonekana Jumapili kadhaa. Alipokuja, alikuja amekonda, kama inawezekana, na alikuja na ombi. Amesema, na amesema tena, mpaka mkubwa wake mmoja akamwambia kama unajua sana, basi tengeneza wewe. Amekubali. Wanajenga chujio la nyumbani. Wamewaomba wananchi watume sentensi zenye maneno ya maana zaidi ya moja, waliyowahi kuyaona au kuyahifadhi, na zimekuja kwa maelfu. Sasa zinahitaji watu wa kuzisikiliza moja moja na kuiambia mashine kila neno limekaa kwa maana gani.

"Mnataka wasomi," Mama Ua akasema.

"Wapo, wanasumbuka kama sisi wengine. Tunataka masikio mengi. Njoo, shemeji. Mimi ndiye nitakayekufungulia mlango."

Chumba kilikuwa ghorofa ya pili, kina pazia lililopauka na feni inayolalamika. Kulikuwa na dereva wa gari la wagonjwa aliyekuwa likizo, fundi cherehani, mhariri mstaafu, na wasichana wawili wa kompyuta. Mama Ua aliwekwa kwenye neno lake. Sentensi inatokea kwenye skrini, na chini yake vitufe vitatu: La kuua. La kunusa. La nyumba, maana ua wa nyuma ya nyumba nao ulikuwa umeshawafungia watu kurasa, fundi mmoja wa kujenga aliandika "Ua wa mzee umekamilika" akahojiwa.

Mwanzoni kazi ilikuwa kama kuchambua mchele. "Nimempelekea ua mgonjwa." La kunusa. "Wanangu wanacheza ndani ya ua." La nyumba. "Ua nyoka kabla hajaingia." La kuua, na hakuna ubaya. Wakawa wanasomeana na kuvunjika mbavu. Halafu ikatokea moja iliyomfanya aache kucheka: "Mwambie dada yako ua lake halitachanua tena." Mama Ua aliitazama kwa muda. "Lake", "halitachanua". Kwa sheria zote hilo lilikuwa la kunusa.

Akamwita Shemeji Waya. "Hili ni ua la bustani," akamwambia, "na aliyeliandika mimi nisingelala nyumba moja naye."

Shemeji Waya akasoma, akashusha pumzi. Akasema ndiyo maana kazi hii haitaisha. Mama Ua akabonyeza anavyojua, lakini mkono ulikuwa mzito, na kwa mara ya kwanza alimhurumia bawabu, hata yule wa kukodi. Kushika mlango mwenyewe si sifa tupu. Ukimfungulia mwovu ni wewe, ukimfungia mwema ni wewe, na huna wa ng'ambo wa kumsingizia.

Ilikuwa karibu na saa ya kufunga, fundi cherehani ameshavaa viatu, ilipotokea sentensi ndefu. Mteja mmoja alikuwa ameihifadhi kwenye simu yake zamani, kwa kuwa ilimchekesha, akaituma pamoja na nyingine. Mama Ua aliisoma kama zile nyingine, haraka, kidole kimeshaelekea kitufe cha katikati.

"Wateja wapendwa, mwenye kitalu amekwenda kumuuguza mama yake. Leo mtauziwa na mimi, na mimi sijui bei wala majina, kwa hiyo chukueni mnachotaka na mseme ukweli. Rudi upesi, Ua langu. Hapa kila kitu kinakauka."

Kidole kikabaki hewani. Alikuwa ameisahau. Aliikumbuka safari ile, alikumbuka alivyorudi akakuta miche imemwagiliwa mpaka imeoza, alikumbuka alivyogomba. Maneno haya aliyasoma kule kwa mama yake, akatabasamu akiwa na beseni la maji mkononi, halafu yakapita na maisha. Angeyafuta. Siku ile juu ya gunia la mchanga, chini ya kipande cheusi, angebonyeza uhakika, na yangekwenda kwa mkono wake mwenyewe.

Watu wakawa wanaaga. Feni ikazimwa. Shemeji Waya akaja kumsubiri, funguo mkononi, akaona hajainuka.

"Umekwama, shemeji?"

"Vitufe vyenu havitoshi," akasema.

Shemeji Waya akainama asome. Aliyajua maneno hayo ni ya nani kabla hajafika mwisho, maana alivuta kiti akakaa, na funguo zikaacha kulia.

"Si la kuua," Mama Ua akasema. "La kunusa silo. La nyumba silo. Ongezeni kitufe. Hapa ua ni mimi."